Maombi ya Desemba

Desemba mosi ndiyo siku ya mwisho.
Daryna Hrytsak amekaa jikoni, Saskatoon,
nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari limechomekwa ukutani kama simu
injini isije ikaganda kabla ya asubuhi.

Mbele yake jedwali: chuo, mji, msimamizi,
ufadhili, ada, alama wanazotaka,
na safu ya mwisho ambayo bado haina jina.
Maombi kumi na moja. Maombi, neno lile lile,
ya kupiga magoti na ya kupiga chapa.

Profesa wa kwanza anastaafu Juni.
Wa pili hachukui mwanafunzi mwaka huu, wala ujao.
Wa tatu anachunguza panya.
(Ostap si panya, ingawa kuna kipupwe kimoja
aliishi nyuma ya mlango wiki tatu
akitoka usiku tu, kula mkate.)
Wa nne anawataka wagonjwa wa mwaka wa kwanza,
ubongo ungali mbichi, dawa hazijaugusa.
Ostap ana miaka kumi na mmoja ndani ya skizofrenia:
utafiti umempita kama basi lipitavyo kituo,
dereva kakaza macho mbele.
Wa tano ana mashine ya kupiga picha za fikra
na waombaji mia tatu kwa kiti kimoja.

Dakta Peddle, mwalimu wake, mtu wa nia njema,
alimwonya: "Usimtaje kaka yako kwenye barua.
Watadhani unakuja kujitibu.
Sema umevutiwa na takwimu."

Akaandika: Nimevutiwa na takwimu.
Akafuta.
Akaandika tena. Chai ikapoa.

Hakuandika alasiri ile ya mavuno
Ostap, miaka kumi na tisa,
alipozima kombaini katikati ya ngano,
akashuka, akamwambia baba:
redio inatangaza bei ya gunia, na inanitaja kwa jina.
Kombaini ile haikuwa na redio.
Baba akacheka.
Kicheko kile mpaka leo anakilipia riba.

Saa saba usiku Ostap anashuka ngazi,
soksi mguu mmoja, anatafuta maziwa.
Dawa zimemnenepesha, vidole vinatetemeka.
Anasoma jedwali juu ya bega la dada yake,
polepole, kama mtu anayekagua hati ya shamba.

"Huyu anafanya nini?"
"Anapima mnavyokumbuka namba."
"Na huyu?"
"Mnavyotambua nyuso."
"Yuko anayeuliza sauti zinasema nini?"

Daryna anapekua. Yuko mmoja,
chuo kidogo kule pwani ya mashariki,
siku tano kwa gari, barabara ikikubali.
Profesa Arsenault. Mashine hana,
ana kinasa sauti na viti viwili.
"Ufadhili wake ni wa mwaka mmoja tu," anasema Daryna.
"Viti viwili," anasema Ostap. "Hicho cha pili cha nani?"

Basi safu ya mwisho ikapata jina: Anauliza?
Akaijaza kushuka chini:
hapana, hapana, hapana, haijulikani, hapana,
akafika kwenye ndiyo moja
akaitazama kama noti iliyookotwa,
asijue kama ni halali kuitumia.

Ostap amemaliza maziwa, kwenye paketi, bila glasi.
"Akikuuliza huyo mama," anasema,
"mwambie siku hizi zinatangaza hali ya hewa tu.
Na zinakosea kuliko televisheni."

Akazima taa ya jikoni kwa mazoea
akapanda kulala, dada yake angali kitini.
Daryna hakuiwasha.
Kwa mwanga wa kioo cha kompyuta
akaanza barua upya, na kaka yake,
takwimu akazisukuma aya ya pili.